Vifaa vipya vya teknolojia kwa mnunuzi wa Kigoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yametokana na maswali ambayo wateja hutuuliza dukani Mwanga, wengine wakiwa tayari wameshika fedha mkononi na wengine wakiwa wameona tangazo tu kwenye simu ya jirani. Hatukusudii kusifia wala kubeza kampuni yoyote. Tunachopima ni jambo moja: je, kifaa hicho kitamfaa mtu anayeishi hapa mwisho wa reli, ambako kioo cha simu ngeni huagizwa Dar es Salaam, umeme hukatika bila kuaga, na ziwa liko mlangoni?

Simu mpya ikizinduliwa ng'ambo, inachukua muda gani kufika Kigoma?

Inategemea ni simu ya nani. Samsung huzindua simu zake kubwa za mfululizo wa Galaxy S mwanzoni mwa mwaka, na Apple huzindua iPhone mwezi Septemba. Simu hizo hufika Kariakoo mapema, nyingi zikipitia Dubai, lakini kutoka hapo zinakuja huku kwa oda ya mtu mmoja mmoja, kwa sababu mfanyabiashara wa Kigoma hawezi kulaza mtaji wa mamilioni kwenye kabati la kioo akisubiri mnunuzi ajitokeze. Simu za Tecno, Infinix na itel, ambazo zote ni za kampuni moja ya Kichina iitwayo Transsion, hufika kwa haraka zaidi kwa kuwa zimelengwa soko la Afrika tangu mwanzo, na mawakala wake wamesambaa hadi wilayani.

Ushauri wetu ni kwamba usiwe wa kwanza. Bei ya simu ya Android hushuka sana katika miezi michache ya mwanzo, na katika muda huo huo vipuri vyake huanza kupatikana kwa mafundi. Mwenye simu ambayo nchi nzima imeingiza chache tu atasubiri kioo kwa majuma, na pengine kitakachofika kitakuwa si chenyewe.

Kabla ya kulipa, uliza pia udhamini ni wa nani. Udhamini wa simu iliyotoka Dubai kwa kawaida haumfungi wakala wa Tanzania, na maneno ya muuzaji kwamba "ina warranty ya mwaka" hayana uzito wowote kama hayakuandikwa kwenye risiti ya EFD pamoja na namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu husika.

Nimeletewa iPhone mpya kutoka Dubai, lakini sioni mahali pa kuweka laini. Je, ni feki?

Si lazima iwe feki. Kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, simu za Apple zinazotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani hazina tundu la laini kabisa. Zinatumia eSIM, yaani laini iliyomo ndani ya simu yenyewe, ambayo mtandao wako huiwasha kwa kuskani msimbo. Mfululizo wa iPhone 17 uliotoka Septemba 2025 ulipanua utaratibu huo hadi nchi nyingine kadhaa, zikiwemo Falme za Kiarabu, na hapo ndipo mnunuzi wa Tanzania anapoguswa moja kwa moja kwa sababu mzigo mwingi hutokea Dubai. Simu nyembamba ya iPhone Air haina tundu la laini popote duniani.

Mitandao mikubwa ya hapa nchini inatoa eSIM, na usajili wake unafuata utaratibu uleule wa alama za vidole na namba ya NIDA. Tatizo letu liko kwingine. Mtu wa kawaida hapa anabeba fedha zake kwenye laini. Simu yenye laini ya plastiki ikizima ghafla ukiwa Kalya au Kagunga, unachomoa laini, unaipachika kwenye kitochi cha mwenzako, unatoa fedha na safari inaendelea. Mwenye eSIM hana la kuchomoa. Itambidi afike kwa wakala wa mtandao wake akiwa na kitambulisho ili laini ihamishiwe kwenye simu nyingine. Kwa mtu anayeshinda mjini hilo ni usumbufu mdogo, ila kwa anayesafiri kandokando ya ziwa tunashauri laini ya fedha ibaki kwenye simu ya pili.

Sanduku limeandikwa RAM 16GB, ila simu ni ya bei nafuu. Inawezekanaje?

Soma maandishi madogo. Mara nyingi utakuta "8GB+8GB". Nane za kwanza ndizo RAM halisi, yaani kumbukumbu ambayo simu huitumia wakati inafanya kazi. Nane za pili ni sehemu ya hifadhi ya simu iliyoazimwa ifanye kazi ya RAM, na hifadhi ni ya polepole zaidi. Si uongo kisheria, lakini ni namna ya kuandika inayomlenga mtu asiyesoma hadi mwisho. Ndivyo ilivyo pia kwa kamera: megapikseli 108 haziipiti kamera ya megapikseli 50 iliyo na kihisi kikubwa na lenzi nzuri, hasa usiku. Mwambie muuzaji akupigie picha ndani ya duka mahali penye mwanga hafifu, kisha uikuze.

Nimenunua pawabenki ya mAh 20,000 na simu yangu ina betri ya mAh 5,000. Mbona haiijazi mara nne?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na jibu lake lina sehemu mbili, ya hesabu na ya udanganyifu.

Tuanze na hesabu. Namba ya mAh, yaani kipimo cha chaji, iliyoandikwa kwenye pawabenki inahesabiwa kwa volti za betri iliyomo ndani, ambazo ni takriban 3.7. Ukizidisha 20,000 kwa 3.7 unapata wati-saa 74, na huo ndio umeme wote uliomo. Ili umeme huo upite kwenye waya, pawabenki huupandisha hadi volti 5 au zaidi, na simu nayo huushusha tena ili uingie kwenye betri yake. Katika kupandisha na kushusha huko sehemu ya umeme hupotea kama joto, na ndiyo sababu pawabenki na simu hupata moto zikichaji. Betri ya simu ya mAh 5,000 inahitaji karibu wati-saa 19. Kwa pawabenki ya kweli, basi, tarajia kuijaza simu hiyo mara tatu hivi. Ukipata mara tatu, hujaibiwa.

Udhia upo kwenye zile ambazo haziijazi hata mara moja. Mteja mmoja alituletea pawabenki iliyoandikwa mAh 50,000 kwa herufi za dhahabu, nzito mkononi. Tulipoibandua mbele yake, ndani mlikuwa na betri moja nyembamba, ubao mdogo wa saketi, na kifuko cha nailoni kilichojazwa mchanga uliokauka na kubandikwa kwa gundi ili kisitikisike. Uzito, kwa hiyo, si kipimo. Kipimo kizuri zaidi ni kutafuta mgongoni maandishi ya wati-saa, yaani Wh, na uwezo halisi unaotoka, ambao watengenezaji waadilifu huuandika kwa jina la "rated capacity". Pawabenki yenye namba kubwa isiyokuwa na maandishi hayo iache hapo hapo. Kumbuka vilevile kwamba mashirika ya ndege kwa kawaida huruhusu pawabenki isiyozidi wati-saa 100 bila kibali, na lazima ikae kwenye begi la mkononi.

Je, zile pawabenki zenye paneli ya sola juu yake zinafaa kwa wavuvi?

Hapana, na tunalisema bila kuzunguka ingawa tunaziuza. Paneli ndogo kama kiganja hutoa wati moja au moja na nusu jua likiwa kali. Hata kwa jua la Kigoma, ambalo kwa siku nzuri ni sawa na saa tano za jua kamili, hutapata zaidi ya wati-saa saba hivi kwa siku, na pawabenki ya wati-saa 74 itahitaji zaidi ya siku kumi kujaa. Zaidi ya hayo, kuianika juani ili paneli ifanye kazi ni kuikaanga betri iliyo chini yake, na joto ndilo adui mkubwa wa betri za lithiamu.

Mvuvi wa dagaa ambaye tayari ana paneli ya wati 20 au zaidi kwa ajili ya taa zake yuko mbali mbele. Achukue kidhibiti chaji chenye tundu la USB, achaji pawabenki ya kawaida mchana ikiwa kivulini, na usiku aingie nayo ziwani. Gharama ni ndogo na kila kipande kikiharibika kinabadilishwa peke yake.

Hizi simu mpya zenye betri za mAh 7,000 zinatofautianaje na za zamani?

Betri za kawaida za lithiamu huhifadhi chaji kwenye grafiti. Katika betri mpya, ambazo kampuni za Kichina kama Honor zilianza kuziweka kwenye simu mwaka 2023, sehemu ya grafiti imechanganywa na silikoni iliyoshikanishwa na kaboni, na silikoni hubeba chaji nyingi zaidi katika nafasi ileile. Ndiyo maana simu yenye mAh 7,000 leo haionekani kama tofali. Kwa mtu wa kijiji kisicho na umeme wa uhakika, tunaona hili kuwa badiliko lenye maana kuliko kamera zote zilizoongezwa katika miaka hii. Shida ni upatikanaji wa betri ya kubadilisha, ambayo kwa sasa ni ngumu kuipata hapa ikiwa halisi.

Kwa nini simu mpya haina chaja ndani ya sanduku, na ninunue ipi?

Apple iliondoa chaja sandukuni mwaka 2020, Samsung ikafuata kwa simu zake kubwa mwaka 2021. Habari njema ni kwamba tundu limekuwa moja: Umoja wa Ulaya umelazimisha simu zote zinazouzwa huko kuwa na Type-C tangu tarehe 28 Desemba 2024, na iPhone zenyewe zilihamia huko kuanzia iPhone 15 ya mwaka 2023. Kampuni haziwezi kutengeneza tundu la Ulaya na la Afrika tofauti kwa faida, hivyo nasi tumenufaika na sheria tusiyoitunga.

Tundu kuwa moja, hata hivyo, hakumaanishi chaja zote ni sawa. Geuza chaja usome maandishi yake. Palipoandikwa 5V 1A, zidisha: hizo ni wati 5, na simu ya kisasa itachaji usiku kucha. Palipoandikwa 9V 2A ni wati 18, na hizo zinatosha kwa simu nyingi. Kampuni nyingine zina mfumo wao wa chaji ya kasi ambao hauwaki bila chaja na waya wa kampuni hiyohiyo, kwa hiyo usimlaumu fundi iwapo simu iliyotangazwa kwa wati 67 inachaji taratibu kwenye chaja ya mtaani.

Tazama pia neno "Input". Chaja nzuri imeandikwa 100-240V na inahimili umeme wetu wa volti 230. Vifaa vilivyoletwa kutoka Marekani au Japani, kama sabufa, mashine za kusagia na baadhi ya redio, vingine vimeandikwa 100V au 120V peke yake. Ukivichomeka moja kwa moja vinaungua papo hapo. Umeme ukikatika, chomoa chaja, na usubiri kidogo baada ya kurudi.

Simu iliyoandikwa IP68 naweza kuingia nayo ziwani?

Unaweza kudondokwa nayo ukaiokota, lakini usiogelee nayo. Tarakimu ya kwanza, 6, inamaanisha vumbi haliingii. Tarakimu ya pili inahusu maji: 7 ni kina cha mita moja kwa dakika 30, na 8 ni zaidi ya hapo kwa kiwango anachokitaja mtengenezaji mwenyewe. Kwa hiyo IP68 ya Samsung ni mita 1.5 kwa dakika 30, ilhali ya iPhone nyingi za karibuni ni mita 6 kwa muda huohuo. Majaribio yote hufanywa kwa maji safi yaliyotulia, simu ikiwa mpya. Hayafanywi kwa mawimbi ya Tanganyika mwezi Agosti, wala kwa beseni la sabuni.

Linalosahaulika ni kwamba kinga hiyo ni gundi na mpira mwembamba unaozunguka kioo na mfuniko wa nyuma. Simu ikianguka ikapata ufa, kinga imekwisha. Fundi akiifungua kubadilisha betri, kinga imekwisha pia, isipokuwa aweke gundi mpya inayostahili, na ni mafundi wachache wanaoiagiza. Vilevile, udhamini wa kampuni nyingi haugharamii uharibifu wa maji hata kama sanduku limeandikwa IP68. Wavuvi wa Katonga na Kibirizi wanaofunga simu ndani ya nailoni mbili na kuitia kwenye kidumu chenye mfuniko wanafanya jambo la busara, na hatuna kifaa cha kuwauzia kinachozidi hapo kwa bei ile.

Ikishaingia maji, izime, usiichaji, ikung'ute tundu likiwa chini na uiache penye hewa. Mchele hausaidii, Apple yenyewe imewaonya wateja wake kwamba vumbi la mchele linaweza kuidhuru simu.

Vipi kuhusu simu za kukunja?

Zimeboreka mno tangu Samsung ilipotoa ya kwanza mwaka 2019, ambayo uzinduzi wake uliahirishwa baada ya vioo vya majaribio kuharibika, vingine kwa sababu watu walibandua utando wa juu wakidhani ni protekta. Huawei ilitoa inayokunjwa mara mbili mnamo Septemba 2024, na Tecno nayo inazo za kwake. Adui yake hapa kwetu ni vumbi. Galaxy Z Fold7 ya mwaka 2025 ina IP48, na hiyo 4 inamaanisha imekingwa dhidi ya vitu vinavyozidi milimita moja tu. Vumbi la barabara ya Kasulu wakati wa kiangazi ni laini kuliko hapo mara nyingi. Kioo cha ndani kikifa, hakuna fundi wa Kigoma atakayekurudishia simu hiyo kwa gharama unayoweza kuistahimili.

Je, nilipe zaidi ili nipate simu ya 5G?

Vodacom iliwasha 5G nchini mwaka 2022 na mitandao mingine ikafuata, kwa kuanzia miji mikubwa. Mwombe mtu mwenye simu ya 5G na laini ya mtandao wako asimame pale unapoishi, si pale dukani. Isiposoma, chukua simu ya 4G yenye betri kubwa.

Saa janja inayopima sukari bila kutoboa ngozi ni ya kweli?

Hapana. Mwezi Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo rasmi kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Saa hizo zinauzwa hapa kwa bei ndogo, na kioo chake huonyesha namba nzuri hata ukiivalisha chupa. Mgonjwa wa kisukari anayepanga dozi ya insulini kwa namba hizo anahatarisha maisha yake. Hesabu ya hatua na mapigo ya moyo, kwa upande wake, hufanya kazi kwa kiasi cha kuridhisha katika saa za kampuni zinazojulikana.

Miwani janja na vifaa vya akili mnemba vinafaa kununuliwa?

Miwani ya Ray-Ban Meta, iliyotoka mwaka 2023, ina kamera, spika na maikrofoni. Septemba 2025 ikaongezwa yenye kioo kidogo ndani ya lenzi, kwa bei ya dola 799 huko Marekani. Ni kazi nzuri ya kihandisi. Hata hivyo inategemea simu, intaneti na seva za kampuni, na mwenye bando la kuungaunga atabaki na miwani ya jua ghali. Anayerekodi watu sokoni kwa siri akumbuke pia kwamba tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Tahadhari kubwa zaidi tunaipata kwa kifaa kiitwacho AI Pin cha kampuni ya Humane, kilichobandikwa kifuani na kuuzwa dola 699 kuanzia Aprili 2024, pamoja na ada ya kila mwezi. Tarehe 28 Februari 2025 kampuni ilizima seva zake, na kifaa kikapoteza kazi zake karibu zote kikiwa bado kizima kabisa, bila hata mwaka kwisha. Kwa kila kifaa cha aina hiyo, muulize muuzaji kitafanya nini siku intaneti isipokuwepo.

Laptopu zilizotumika zimeshuka bei sana. Kuna nini?

Microsoft iliacha kuisaidia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ikiacha mpango wa muda tu wa marekebisho ya usalama, na Windows 11 kwa kawaida haikubali prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. Ofisi za ng'ambo zikatupa mashine zao, nazo zikaja kwetu. Soma kibandiko au mfumo wenyewe: katika i5-6300U tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, yaani kizazi cha sita, i5-8250U ni cha nane, i5-10210U ni cha kumi. Kwa kuandika barua na kupiga hesabu za duka, ya kizazi cha sita bado inatumika, hasa ukiiwekea Linux, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows, ila isiuzwe kwa bei ya ile ya nane.

Nimeuziwa simu mtaani, baada ya wiki ikajifunga na kudai malipo. Mnaweza kuifungua?

Hiyo ni simu ya mkopo ambayo aliyeichukua hakumaliza kulipa. Kufuli lake limeunganishwa na IMEI, kwa hiyo kuiflashi au kuirejesha kiwandani hakusaidii kwa kudumu, na sisi hatuifungui. Rudi kwa aliyekuuzia ukiwa na shahidi, na akikataa nenda polisi. Kabla ya kununua simu iliyotumika, bonyeza *#06#, linganisha tarakimu 15 na zilizo kwenye sanduku, kisha irejeshe kiwandani mbele ya muuzaji na uiwashe kwa intaneti. Yenye kufuli la mkopo au la akaunti ya mtu mwingine kwa kawaida hujionyesha hapo hapo. Kulingana kwa IMEI peke yake hakutoshi, kwani tangu Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia mwezi Juni 2016, watengenezaji wa bandia wamejifunza kunakili namba za simu halisi.

Simu zinazotuma ujumbe kwa setelaiti zinafanya kazi katikati ya ziwa?

Huduma ya dharura ya iPhone kwa setelaiti ilianza Novemba 2022 Marekani na Kanada, ikaenea kwenye nchi kadhaa za Ulaya na kwingineko, Tanzania haimo. Usinunue simu kwa sababu hiyo. Anayevuka kwenda upande wa Kongo aache taarifa ufukweni ya saa anayotarajia kufika, abebe tochi yenye betri mpya, na azime data ya ng'ambo kwenye simu yake kabla haijanasa mtandao wa nchi jirani ukamla salio.